Bawaba Iliyolia Uwanjani

Fundi seremala huyu alikuwa na kazi mbili zisizopatana. Siku za kazi alizuia milango ya watu isilie. Siku za mechi aliliza bawaba moja kwa makusudi, na hiyo ya pili ndiyo iliyompa jina. Mtaani hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bawaba, na kila akiitwa hivyo alivimba kichwa kidogo.

Ilianza kama mambo yote ya kijinga yanavyoanza, bila mtu kukusudia. Siku moja alitoka karakana akaenda moja kwa moja uwanjani, mfukoni mwa aproni mna bawaba kuukuu aliyoing'oa kwenye mlango wa mteja. Mshambuliaji wa timu ngeni akaanguka, akashika goti kwa mikono miwili, akajiviringisha kwenye nyasi. Fundi akaitoa ile bawaba, akaikunja na kuikunjua mbele ya kipaza sauti cha kinyozi, mkuu wa washangiliaji, aliyekaa ubavuni pake. Kriiiii! Uwanja mzima ukasikia goti la yule kijana likilia kama mlango wa stoo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha sauti ikapaa kutoka nyuma: "Mafuta! Mtieni mafuta!" Basi, desturi ikazaliwa pale pale.

Tangu hapo, mgeni akishika bega aliachwa, akishika kifundo cha mguu aliachwa. Akishika goti, amekwisha. Washangiliaji walikaa kwenye madaraja ya mbao, ngazi za kukalia alizozipigilia misumari fundi mwenyewe, na goti lilipoguswa tu, daraja zima liligeuza shingo kumtazama. Naye hakuwaangusha. Bawaba ile aliitengeneza kwa ustadi kuliko kazi nyingi za wateja: akaifunga kwa skrubu kwenye vipande viwili vya mbao ngumu, akavipiga msasa visimchome viganja, na kila baada ya mechi akaitumbukiza kwenye mkebe wa maji ya chumvi ili kutu isije ikapungua. Mtu yule yule aliyewakaripia wateja kwa kuacha bawaba zao zipate kutu, hii yake alikuwa akiilisha chumvi.

Mkewe hakuupenda mchezo huo hata siku ya kwanza.

"Goti ni la mtu," alimwambia. "Na huyo mtu ana mama yake huko alikotoka."

"Mama watoto, mpira una utani wake. Asiyetaka utani akacheze karata."

"Mzaha mzaha hutumbua usaha."

"Haya, usaha ukitumbuka nitaufuta," akasema fundi, na mezani wote wakacheka isipokuwa mkewe.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana aliyekuja kukaa nao alipomaliza shule. Mchana alimsaidia fundi karakana, jioni alikwenda mazoezini, maana alikuwa winga wa timu ya mtaa. Walimpachika jina la Kishada, kwa sababu akiondoka na mpira ungedhani kuna mtu huko juu anamvuta kwa uzi. Fundi alimpenda kama mtoto wa kumzaa, na kwa kuwa ni shemeji, mapenzi yenyewe yalipita kwenye utani. Hawakuwa na njia nyingine ya kuambizana kitu.

Msimu ulipokaribia mwisho, Kishada akaanza kula akiwa amesimama, akisingizia kwamba kigoda kinamuumiza mgongo. Kidaraja cha mlango wa nyuma akawa anakishuka ubavu ubavu. Karakana, vipande vya mbao vilivyodondoka hakuviinamia tena. Alivisukuma kwa mguu mpaka pembeni. Sasa tusimtetee fundi kwa kusema hakuona. Jicho lake huona mlango ulioshuka akiwa ng'ambo ya barabara. Aliona. Na alipoona, alifungua kinywa mbele ya wateja wawili waliokuja kuangalia kabati lao, akasema:

"Shemeji, mbona umeshuka upande mmoja kama mlango wa choo? Au nikakuchukulie bawaba?"

Wateja wakaangua kicheko. Kishada naye akacheka. Akajinyoosha, akachukua msumeno, akavuka karakana kwa hatua nzima nzima, akautundika msumarini, akarudi vilevile. Tangu siku hiyo, mbele ya fundi, alitembea wima. Fundi akaridhika kwamba lilikuwa jambo dogo, limepita.

Mechi ya mwisho ilikuwa na ugeni. Msaka vipaji kutoka klabu kubwa alikuja kumtazama Kishada. Kila mtu alijua, hata watoto waliookota mipira. Mzee huyo alikaa kwenye kivuli cha ukuta, mikono imefumbatwa, haongei na mtu. Asubuhi mkewe fundi alikuwa amekaa na mdogo wake chumbani, mlango umefungwa, muda mrefu. Walipotoka, macho ya mwanamke yalikuwa mekundu. Fundi akadhani ni furaha.

Jua la alasiri lilielekea kwenye madaraja ya mbao, likawachoma macho waliokaa pale. Kipindi cha pili mpira mrefu ukapigwa kuelekea upande wa pili wa uwanja, mahali nyasi zilipokwisha na kubaki udongo mtupu. Winga na beki wakaukimbilia, wakagongana, vumbi likatimka. Beki akainuka. Mmoja akabaki chini, amejikunja, mikono miwili imeshika goti.

Fundi hakuona jezi. Aliona vumbi na aliona goti. Shingo za watu zikaanza kumgeukia, na mkono wake ukatenda ulichozoea. Kriiiii! Akairudia, mara hii taratibu, ikilia kwa uchungu, kama alivyojifunza kuwavunja watu mbavu. Kriiiiiii! Nyuma yake wakadakia, "Mafuta! Mafuta!" wakikanyaga mbao kwa miguu.

Kinyozi ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Fundi," akasema. "Huyo ni wa kwetu."

"Nani?"

"Kishada."

Mkono wa fundi ukaanguka wenyewe pajani, na bawaba ikalia tena, kidogo tu, kriii, bila mtu kuiliza. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Huko chini kwenye vumbi kijana akainua kichwa, akatazama kwenye madaraja ya mbao. Hakutafuta tafuta. Alitazama moja kwa moja mahali fundi alipokuwa amekaa, kisha akakirudisha kichwa chini.

Fundi alishuka, akavuka uwanja mbio. Njiani aligundua kwamba bado ameishika, akaisokomeza mfukoni, nayo ikalia kila alipopiga hatua. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haimmezi mtu anayeihitaji. Ilimbeba mpaka pale, akainama na wenzake wawili, wakambeba Kishada kwenye ubao wa matangazo. Kule kwenye kivuli cha ukuta, msaka vipaji alikuwa ameshasimama, anajipangusa vumbi la suruali.

Hospitalini daktari wa mifupa alilibonyeza goti hapa na pale, akalivuta, akatikisa kichwa.

"Hii si ya leo," akasema. "Leo limemalizikia tu. Kano ilianza kuchanika zamani. Ungekuja mapema ukapumzika, pengine usingehitaji kisu. Sasa ni upasuaji, na baada ya hapo tutaona. Mpira usiuwaze kwanza. Kwa nini hukusema?"

Kijana alitazama ukuta. "Nilidhani litapoa."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alitoka nje, akamkuta mkewe kwenye benchi la ukumbini, akaketi pembeni yake.

"Wewe ulijua?" akamwuliza.

"Nilijua. Kila siku nimekuwa nikimkanda kwa maji ya moto ukiwa karakana. Aliniapisha nisikwambie."

"Kwa nini mimi?"

Mkewe akageuka, akamtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza njia ya kwenda kwake.

"Baba watoto, mtu anayefanya magoti ya wenzake kichekesho cha uwanja mzima, nani atamwonyesha la kwake? Leo asubuhi nimemlilia asicheze. Akasema akikaa nje kwa ajili ya goti, jioni utamlizia bawaba yako."

Fundi akasema jua lilikuwa machoni mwake. Akasema hakujua ni yeye. Alisema kweli, na hapo ndipo aibu ilipokuwa imejificha, maana mkewe hakubisha. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Na kama ungeona vizuri kwamba ni mtoto wa watu wengine?"

Fundi akaigeuza kofia mkononi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo aliijua tangu utotoni, alishaitupia wengi. Siku hiyo ilimrudia, akakaa nayo kwenye benchi lile mpaka muuguzi alipokuja kumwambia wanaweza kwenda nyumbani.

Baada ya upasuaji, fundi akamtengenezea shemeji yake magongo. Hakuna kazi aliyoifanyia uangalifu kuliko hiyo. Alichagua mbao zisizo na fundo, akapima kwapa na kiganja, akazungushia sponji na ngozi laini mahali pa kuegemea, akapiga msasa mara nyingi kupita ilivyohitajika. Kishada alipoyapokea aliyageuza geuza, akasema, "Asante sana, shemeji. Mazuri mno." Na kweli alishukuru. Adabu hiyo ndiyo iliyomtesa fundi. Angetukanwa angelala. Angerushiwa gongo moja la kichwa, angeliokota na kulirudisha kwa mikono miwili.

Utani nyumbani ulikufa. Shemeji wawili waliokuwa hawawezi kupitishiana chumvi bila kuchokozana sasa waliombana samahani hata kwa kugusana viwiko. Jioni moja fundi alijikaza.

"Shemeji, siku ile…"

"Hukujua, shemeji," Kishada akamkatiza upesi. "Jua lilikuwa machoni mwako. Dada kaniambia."

Akampa udhuru ule ule aliojipa mwenyewe, tena kwa tabasamu. Fundi akaupokea. Akasema, "Ndiyo, jua lilikuwa kali," kisha akaona haya kiasi kwamba alikwenda kupaka mafuta bawaba za nyumba nzima, mlango hadi mlango, dirisha hadi dirisha, hata za kabati la vyombo. Mkewe alimwacha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Msimu mpya ulipoanza, kinyozi alipita karakana na mkasi wake mfukoni.

"Bawaba, Jumamosi tunao wageni. Beki wao yule mnene ana goti bovu, kila mtu anajua. Usisahau mtambo."

"Umepotea," akasema fundi. Mtambo ulikuwa chini ya meza, ndani ya mkebe, ukiendelea kula chumvi. Hakuwa amethubutu hata kuutazama.

"Basi tafuta mwingine. Fundi gani wewe unayekosa bawaba?"

Kishada alikuwa amekaa kwenye benchi la randa, mguu ameunyoosha, anapiga msasa mguu wa meza. Alisikia yote.

"Na mimi nitakwenda," akasema. "Nimechoka kukaa ndani."

Jumamosi wakaenda. Watu wa madaraja ya mbao walimpisha Kishada akae ukingoni, wakampigapiga mgongo, wakamwita shujaa. Fundi akakaa kati yake na kinyozi, mikono ameibana mapajani. Aliomba kimoyomoyo pasiwe na goti lolote siku hiyo. Aliomba magoti yote ya duniani yashike vizuri mpaka filimbi ya mwisho.

Moja halikushika. Yule beki mnene akateleza peke yake, hakuguswa na mtu, akakaa chini, akaweka mikono juu ya goti. Shingo zikageuka. Kinyozi akamsogezea fundi kipaza sauti mdomoni.

"Bawaba! Bawaba! Bawaba!" wakaimba.

Fundi akasimama. Akakishika kile kipaza sauti, akasikia pumzi yake mwenyewe ikivuma uwanja mzima.

"Leo hakuna," akasema. "Wala leo wala kesho. Jamani… goti ni la mtu."

Wakamtazama kama mtu aliyezungumzia deni kwenye harusi. Kisha mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Wewe si ndiye uliyetufundisha? Leo limekufika la kwako ndiyo unatuhubiria?"

Wengine wakaguna. Wengine wakatazama miguu yao. Ilikuwa kweli, na aliyeisema hakuisema kwa ubaya. Fundi akasimama pale, uso unamwaka, mtu mzima aliyekamatwa hadharani na kosa lake mkononi. Hakujua aketi au aondoke.

Ndipo pembeni yake ikasikika. Kriiiii.

Kishada alikuwa ameuinua mguu wake mbovu kwa mikono miwili. Alikuwa akiukunja na kuukunjua, kadiri daktari alivyomruhusu, na kwa mdomo wake akitoa sauti ile. Kriiiiii. Aliifanya vizuri, vizuri kuliko ile bawaba yenyewe. Alikuwa ameisikia kwa karibu. Uso wake wote ulitabasamu.

"Mafuta!" akapaza mwenyewe. "Nitieni mafuta!"

Kicheko kilicholipuka kilitikisa mbao. Watu walicheka kwa kupumua, kwa shukrani, kwa sababu kijana mwenyewe amewaruhusu. "Mafuta! Mafuta!" Walimshika kichwa, wakamvuruga nywele. Naye katikati ya kelele zile akamgeukia fundi, akamtazama usoni kuona kama amecheka.

Fundi akacheka. Hakuwa na nguvu ya kumwacha peke yake, na hakuwa na nguvu ya kumzuia. Akaketi, akacheka na wenzake, akajichukia kuliko siku ya vumbi.

Waliporudi nyumbani walitembea taratibu, kijana mbele kwa magongo, fundi nyuma yake nusu hatua. Barabara ilikuwa imejaa watu waliotoka uwanjani. Wakapita mbele ya duka la vipuri na kibanda cha kinyozi wa pili, wakapita foleni ya bomba la maji.

"Nilikuona umebanwa, shemeji," Kishada akasema bila kugeuka. "Nikaona nikutoe."

Fundi alikuwa amesikia kitu. Gongo la kushoto, pale kipande cha mkono kilipoungana na mti, lilikuwa limelegea. Kila kijana alipoliegemea lililia. Si sana. Krii. Hatua. Krii. Mtu mwingine asingesikia, lakini fundi alisikia, na akaona kutokana na shingo ya kijana kwamba naye anasikia, na kwamba amekuwa akisikia tangu asubuhi, pengine tangu juzi.

"Linalia," akasema fundi.

"Usijali. Nimeshazoea."

Fundi akamshika mkono, akamsimamisha katikati ya njia. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake, magoti yake mawili mazima yaliyokunjika bila kelele yoyote, akalichukua lile gongo, akaanza kuikaza skrubu kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukapasuka. Akaendelea. Watu waliotoka uwanjani wakapunguza mwendo. Mmoja akacheka, akauliza Bawaba leo anaposa nani.

"Shemeji, nisamehe," fundi akasema, akiitazama skrubu. "Jua halikuwa na kosa. Lingekuwa mgongoni ningeliza vilevile. Na siku ile karakana nilikuona unachechemea, nikakutania ili nisikuulize."

"Inuka, shemeji. Watu wanatazama."

"Waache watazame."

Kijana hakusema kwamba amemsamehe. Lile tabasamu la uwanjani lilikuwa limemwondoka usoni, mara ya kwanza tangu alipotoka hospitali. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja na gongo moja. Akanyoosha mkono, akaliegemea bega la fundi kwa uzito wake wote, maana hakuwa na mahali pengine pa kuegemea.